Bustani ya Kutazama Tu

Mwaka ambao hata vyura walisahau wimbo wao, jua lilikaa juu ya Bonde la Mtitu likakataa kuondoka. Mito ikabaki mchanga mtupu. Nyasi zikageuka rangi ya manyoya ya Simba, jambo lililomfurahisha Simba peke yake. Wanyama waliosalia hai walisalia kwa sababu moja: katikati ya bonde palikuwa na chemchemi, nayo ilizungukwa na mikuyu, mikunazi, ndago zenye vitunguu vya kula, na mboga za mwitu ambazo hakuna aliyezipanda. Kila mmoja alipata hapo cha kutia mdomoni, kidogo kidogo, na siku ikapita.

Sungura aliishi na mkewe na watoto wake chini ya mkunazi, karibu kabisa na maji. Watoto walikuwa wengi, kama ilivyo desturi ya ukoo huo, na akili zilikuwa nyingi, kama alivyowakumbusha majirani kila walipokutana. Jirani wa karibu alikuwa Mama Ngiri, mjane mwenye meno yaliyopinda na maneno yaliyonyooka.

"Hizo akili zako, shemeji," Mama Ngiri alipenda kumwambia, "zingekuwa maji tungekunywa."

"Zingekuwa maji ungezivuruga kwa kwato," Sungura alimjibu, nao wakacheka.

Juu ya kilima kilicholitazama bonde palisimama nyumba ya mawe isiyo na paa. Iliachwa na Bwana mmoja aliyekuja kutoka ng'ambo enzi za mababu. Bwana huyo alipofika alilitazama bonde, akasema hapana kitu pale. Basi akafyeka vyote ambavyo havikuwa kitu, akapanda maua ya kwao, akawachukua watu wa nchi kwa mjeledi wayanyweshe. Watu wakachota maji ya maua huku mashamba yao yakikauka, hadi asubuhi moja walipotua ndoo wote kwa pamoja na kuzikalia. Walipigwa, hawakuinuka. Wakatishwa, hawakuinuka. Maua yakafa, na Bwana akafunga masanduku yake, akaenda zake. Lakini ukiwauliza simba habari hizo, watakwambia aliondoka kwa sababu babu yao alinguruma mara moja.

Simba wa zama hizo alikuwa amehamia katika nyumba ile. Alilala barazani, pale pale ambapo Bwana alikuwa akinywa chai, na siku ya joto kali aliingia chumba cha ndani kutafuta kivuli. Huko akaona picha ukutani ambayo mchwa walikuwa hawajaimaliza. Ilikuwa picha ya bustani ya Bwana, jinsi alivyotaka iwe. Mistari ya mawaridi imenyooka. Ua limekatwa kama sanduku. Nyasi zimelala kama zulia, na nyuma yake mikaratusi mirefu imesimama kama askari.

"Fisi!" Simba akaita. "Njoo uone. Hakuna anayekula humu ndani. Hakuna hata anayekohoa. Hii sasa ndiyo enzi!"

Fisi alikuwa mlangoni akisubiri mifupa. Aliitazama picha, hakuona nyama, kwa hiyo hakuona kitu. Lakini alijua kwamba bustani huwa na mnyapara, na mnyapara hukaa langoni, na aliye langoni halali njaa.

"Nimeona, Mtukufu," akasema huku akimeza mate. "Machozi yananitoka."

Kesho yake Simba akawaita wanyama wote bondeni. Alipanda juu ya jiwe, akachana manyoya yake kwa kucha, akasema:

"Nimeishi miongoni mwenu kwa uvumilivu mwingi. Mnakula ovyo. Mboga zenu zinaota ovyo. Miti yenu imesimama popote ilipotaka. Kuanzia leo bonde hili ni bustani."

"Bustani ya mboga, Mtukufu?" Mama Ngiri akauliza.

"Ya maua."

"Maua ya kula?"

"Ya kutazama!"

Wanyama wakatazamana. "Na sisi tutakula nini, Mtukufu?" Mama Ngiri akauliza tena.

"Mtatazama," Simba akasema, na kwa kuwa aliona jibu lake ni zuri, akarudi nyumbani nalo.

Kazi ikaanza chini ya Mnyapara Fisi. Alivaa kofia ya Bwana iliyoliwa na panya, akatoboa mwenyewe matundu ya masikio. Mikuyu ilikatwa. Ndago zilifukuliwa zikaachwa juani. Tembo aliamriwa aung'oe mkunazi wa Sungura. Akaukumbatia kwa mkonga akasita, akasema polepole, "Nisamehe, ndugu yangu," kisha akavuta. Mizizi ilitoka na udongo wenye unyevunyevu. Sungura alisimama pembeni na watoto wake.

Nyuma ya nyumba ya mawe palikuwa na visiki vya mawaridi na miche ya mikaratusi iliyojiotea yenyewe. Wakaihamisha bondeni, wakaipanga kwa mistari kama kwenye picha. Kisha wakazungushia ua wa miiba pamoja na chemchemi ndani yake, wakaacha lango moja. Kila mnyama aliyetaka kunywa alipaswa kwanza kuchota vibuyu vya maji kuyanywesha maua, na mwisho wa kazi akapewa funda lake. Hiyo ilikuwa amri ya Simba. Fisi aliongeza na yake.

"Nipe ya lango," aliwaambia waliopita. Kanga aliacha yai. Aliyekuwa na kipande cha mnofu alikiacha. Asiye na kitu alitoa habari za mahali palipo na mzoga. Fisi alikula, na alichoshindwa alikificha nyuma ya ua.

Sungura alijaribu ujanja wake wa kila siku. Alimnong'oneza Fisi kwamba ng'ombe amekufa upande wa pili wa kilima, na amenona mno. Fisi akatoka mbio, kofia ikaruka. Wanyama wakaingia, wakanywa hadi matumbo yakalia. Ilikuwa furaha kubwa, lakini ilidumu muda wa kwenda kilimani na kurudi. Fisi alirejea na njaa, akawapiga wote kwa fimbo ya mwiba, na tangu siku hiyo ya lango ikawa mara mbili. Sungura akapita kati ya majirani waliovimba migongo. Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomuuma.

Baada ya hapo jua lilizidi, na mikaratusi nayo ikazidi. Miti ile ilikunywa mchana kutwa kama wageni waliofikia kwenye nyumba isiyo yao. Chemchemi ikashuka. Funda la mwisho wa kazi likawa nusu funda. Asubuhi moja mtoto mdogo wa Mama Ngiri alilala kwenye foleni ya maji, kichwa juu ya kibuyu, na alipoitwa hakuamka. Mawaridi yalinyweshwa asubuhi hiyo kama kawaida.

Mama Ngiri hakulia mbele ya Fisi. Alimbeba mwanawe hadi kwenye mto mkavu, akamfukia kwa pua yake mwenyewe. Wenzake wakamfuata. Adhuhuri hiyo walipokaa mchangani, Mama Ngiri akasema:

"Wale watu wa zamani walitua ndoo. Na sisi tutue vibuyu."

"Wale walipigwa, dada yangu," Sungura akasema. "Sisi tukitua vibuyu, tutaliwa. Bwana alikuwa na mjeledi. Huyu ana meno."

Mama Ngiri akainamisha kichwa. Alijua ni kweli, naye Sungura alitamani isiwe kweli.

Wakati huo huo Simba, kule barazani, alikuwa na masikitiko yake. Yeye hakushuka bondeni kwa sababu vumbi liliharibu manyoya yake. Aliitazama bustani kwa mbali, na siku hizo aliona wekundu wake unapungua. Hakujua kwamba Fisi alikuwa na tabia ya kulala adhuhuri katikati ya mawaridi, ambapo ardhi ilikuwa na ubaridi, akijigeuza huku na huku.

"Kwa nini mawaridi yangu yananyauka?" akamuuliza.

"Njaa, Mtukufu," Fisi akajibu upesi. Ndilo neno lililokuwa karibu na mdomo wake siku zote.

"Maua yana njaa?"

"Yana njaa kupita kiasi."

"Basi yalishwe mara moja!" Simba akanguruma. "Sitaki kusikia kwamba katika nchi yangu kuna mwenye njaa!"

Fisi akashuka akiwaza. Alikumbuka kusikia kwamba bustani ya Bwana ilitiwa samadi. Akapanda juu ya jiwe, akatangaza kwamba kuanzia kesho kila mnyama, mkubwa kwa mdogo, atakuja na samadi yake mwenyewe. Haichotwi njiani wala haiazimwi kwa jirani. Ataiacha kwenye mstari wa maua mbele ya macho ya mnyapara.

"Mbele ya macho yako?" Kanga akauliza, mbawa mdomoni.

"Macho yangu yameona mengi," Fisi akasema.

Wanyama wakarudi kwenye mto mkavu wakiwa wameinamisha nyuso. Kwanza walikatazwa kula bondeni; sasa wanadaiwa hata kile ambacho hawakula. Tembo alisema yeye ni mtu mzima, ana wajukuu, hawezi. Tumbili akasema anaweza, ila kwa hasira. Sungura alikuwa akitazama lundo kuukuu la mavi ya Tembo kando ya njia, lililoachwa pale tangu miaka ya mvua. Katikati yake vilisimama vijiti viwili vyembamba, vikavu. Ilikuwa miche ya mkunazi. Ilikuwa imeota vizuri tu. Ilichokosa ni maji.

"Jamani," akasema, "Mnyapara ametuagiza tulete nini?"

"Samadi," Tumbili akajibu. "Umeanza kuwa kiziwi?"

"Ametwambia tule nini kabla ya kuileta?"

"Hakusema."

"Na maji ya kuimwagia yanachotwa na nani?"

Mama Ngiri akatoa sauti ambayo hawakuwa wameisikia tangu alipomfukia mwanawe. Alikuwa anacheka, ingawa macho yake yalikuwa na maji.

Wakagawana safari. Tembo alijua mto wa mbali wenye mikoma iliyokuwa bado na matunda, akaenda huko, akala. Tumbili alipanda majabali ya kusini ambako mikuyu ilijishikiza kwenye mawe, akala. Hondohondo akaruka hadi kwenye mikunazi iliyobaki nyanda za juu. Kanga akachakura vichuguu, akapata mbegu za mchicha na mnavu. Mama Ngiri, kwa kuwa tumbo lake husaga kila kitu, aliamua kubeba vitunguu vya ndago ndani ya matope yaliyoganda kwenye kwato zake.

"Na wewe, shemeji?" akamuuliza Sungura.

"Mimi nimeleta wazo."

"Wazo halinuki wala halioti. Utakuja na vidonge vyako kama sisi sote."

Sungura akaenda kula mbegu za nyasi.

Asubuhi yao ya kwanza ilikuwa ya mateso. Tembo alikuwa ametembea njia nzima kwa hatua fupi fupi, amefumba macho, hataki kusemeshwa. Kila mmoja alipofika mstarini na kupata nafuu, jamaa zake walimpongeza kama mtu aliyejifungua salama. Fisi alipita akikagua kwa fimbo.

"Hivi vigumu ni nini?" akamuuliza Tembo.

"Ni uzee, Mnyapara. Tumbo halisagi vizuri siku hizi."

Fisi akatikisa kichwa kwa dharau. Kisha, ili awape mfano, akaenda mwenyewe kwenye mstari wa mbele kabisa, penye mawaridi mazuri zaidi, akaacha yake. Ilikuwa nyeupe kama chokaa, mifupa mitupu. Katika bustani nzima ndiyo pekee ambayo haikuota kitu.

Tangu hapo wanyama waliichangamkia kazi. Walichota maji kabla ya kuamriwa. Walimwagia taratibu, kila mmoja akijua alipoacha yake. Wengine waliimba.

"Wameipenda bustani, Mtukufu," Fisi akapeleka habari barazani. "Wanaimba kabisa."

"Nilijua," Simba akasema. "Uzuri hulainisha roho za wanyonge."

Mvua za vuli zikaja, chache, lakini zilitosha. Udongo wa mistari ukapasuka. Kati ya mawaridi kukatokea majani ya kila umbo, mengine mapana, mengine membamba, mengine yakitambaa. Fisi alipoyaona alishtuka, kwa sababu kwenye picha hayakuwapo.

"Magugu!" akapiga kelele. "Yang'olewe yote leo hii!"

Wanyama wakaganda. Sungura akapiga hatua mbele, akainama kwa adabu.

"Haya, Mnyapara. Sisi ni washamba, hatutaki kukosea. Tuonyeshe: gugu ni lipi, ua ni lipi?"

Fisi akatazama huku, akatazama kule. Maishani mwake hakuwahi kutofautisha jani na jani; yote kwake yalikuwa ni vitu vinavyosimama kati yake na nyama. Lakini mnyapara hawezi kusema hajui. Akakumbuka namna miiba ilivyomchoma usingizini.

"Gugu," akasema kwa sauti nzito, "ni lile lenye miiba."

"Hili jekundu?"

"Hilo hilo. Lina roho mbaya. Ng'oa!"

Wakang'oa mawaridi, mstari baada ya mstari, kwa utiifu wa kupendeza.

"Na hii mirefu, Mnyapara?" Mama Ngiri akauliza, akielekeza pua kwenye mikaratusi. "Haimzibii Mtukufu asione maua?"

Fisi akatazama kilimani, akatazama miti. "Nilikuwa naelekea kusema hivyo hivyo," akajibu. Tembo akaegemea mikaratusi mmoja mmoja, ikalala chini. Siku chache baadaye chemchemi ikapanda tena, maji yakafika pale yalipokuwa zamani.

Msimu ukapita, na mwingine. Bonde likajaa. Mchicha na mnavu ulifunika ardhi, ndago zikajificha chini yake, matango mwitu yakatambaa juu ya ua wa miiba, na miche ya mikunazi na mikuyu ikafika kifua cha Mama Ngiri. Vyura wakarudi. Nyuki nao, na vipepeo. Wanyama walikula kwa siri wakiwa wamebeba vibuyu, jani hapa, tunda pale, na kila walichokula walikirudisha asubuhi iliyofuata kama amri ilivyosema. Kutoka barazani Simba aliona kijani kinene, akadhani maua yake yameshiba, akaridhika. Fisi peke yake alikonda. Alikuwa ameanza kuelewa kilichotendeka, na hakuwa na wa kumwambia bila kujitaja.

Ndipo Simba alipomwalika Simba wa Ng'ambo, jirani yake wa upande wa pili wa mto, aje aione bustani. Alikuwa amejisifu kwake kwa msimu mzima kwa kumtuma Hondohondo. Mgeni alikuja baada ya masika, mto ulipopungua, nao wawili wakashuka bondeni asubuhi, wakati wanyama wote walikuwa mistarini na samadi zao.

Sungura alimwona Simba akipita langoni akiwa ameinua kidevu, kisha akamwona akisimama. Hapakuwa na waridi hata moja. Hapakuwa na mstari. Mkunde mwitu ulikuwa umepanda juu ya jiwe la kutangazia na kulimeza. Manyoya ya shingo ya Simba yakaanza kuinuka, na mkia wake ukapiga ardhi. Mke wa Sungura aliwakusanya watoto nyuma yake.

Lakini mgeni ndiye aliyetangulia kusema.

"Ndugu yangu," akasema kwa sauti ndogo, "umefanyaje?"

Simba akamgeukia. Mgeni alikuwa ametoa macho kama mtoto.

"Mimi nami nilisikia habari za picha yako," akaendelea, "nikapanda yangu. Mistari, mawaridi, ile miti mirefu. Mistari imekuwa vijiti. Miti imekunywa kisima changu, na wanyama wangu wamehama. Naishi peke yangu na ua uliokatwa vizuri. Na wewe una hiki! Sikia vyura! Tazama hivi vyote vilivyofungamana! Na wanyama umewaweka humo humo ndani! Hii si bustani tena, ndugu yangu, hii ni sanaa. Ni nani aliyekupangia?"

Sungura aliitazama ngurumo ikipanda hadi kooni mwa Simba, ikakaa pale, kisha ikamezwa. Manyoya yakalala. Simba akayachana kwa kucha.

"Nilipanga mwenyewe," akasema. "Kila kimea. Ilinigharimu fikra nyingi."

Sasa Fisi alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya kichaka tangu alipowaona wakishuka, mikono masikioni, akikariri maneno ya kujitetea. Hakusikia hata neno moja. Aliposhindwa kuvumilia zaidi aliruka nje, akaanguka miguuni pa Simba.

"Si mimi, Mtukufu! Ni hawa! Haya yote ni magugu! Bustani yako imekufa zamani, wameiua, wamepanda uchafu wao!"

Vyura wakanyamaza.

"Magugu?" mgeni akauliza, akamtazama Simba.

"Umeiitaje bustani yangu?" Simba akamuuliza Fisi polepole.

"Magugu, Mtukufu! Wewe hukupanga kitu! Yametoka matumboni mwao! Naapa, hapo uliposimama na mgeni wako ni mavi ya Tembo!"

Hiyo ilikuwa kweli tupu, tena pengine ndiyo kweli ya kwanza Fisi kuisema tangu azaliwe. Simba akainua mguu mmoja, akautazama, akaurudisha chini kwa heshima zote.

"Wewe," akamwambia Sungura. "Unasemaje?"

Sungura akainama mpaka masikio yakagusa ardhi. "Sisi ni wachota maji tu, Mtukufu. Tulileta tulichoamriwa, tukang'oa tulichoonyeshwa. Mnyapara mwenyewe ndiye aliyetwambia gugu ni lipi."

Mgeni alikuwa ameanza kunusa hewani. Akafuata harufu hadi nyuma ya ua, na aliporudi uso wake ulikuwa wa mshangao.

"Na lile lundo la mifupa na maganda ya mayai? Nalo ni sehemu ya sanaa?"

"Lundo gani?" Simba akauliza.

Kanga akajikaza. "Ni ya lango, Mtukufu. Kila anayeingia huitoa kwa Mnyapara. Sisi tulidhani inakufikia wewe."

"Nyama?" Simba akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ilikuwa inatolewa nyama? Kwa jina langu? Na mimi nikala sungura wakavu wa jangwani msimu mzima?"

Fisi hakungoja swali la pili. Alitoka langoni kofia ikiwa imemziba jicho moja, na Simba akiwa nyuma yake, na ngurumo ile iliyokuwa imemezwa ikatoka yote kwa pamoja. Walimaliza kilima, wakashuka upande wa pili. Simba aliporudi alikuwa na ncha ya mkia mdomoni.

Mchana huo Simba alitoa amri mpya. Ni marufuku kung'oa kimea chochote bondeni, kwani kila kimoja kimewekwa na Simba kwa fikra. Ua wa miiba uondolewe, kwa kuwa mgeni alisema unaharibu mandhari. Na wanyama wote, wakubwa kwa wadogo, wanaamriwa kula na kunywa humo kila siku bila kukosa, kwa sababu bila wao sanaa haijakamilika.

"Kwa fikra!" Sungura alifoka walipobaki wenyewe. "Umesikia, dada yangu? Kwa fikra zake! Watu watakuja kutoka kila upande kumsifu, na sisi tulioitoa..."

"Tulioitoa tunakula," Mama Ngiri akasema, akaipiga pua yake ardhini akaibuka na ndago. "Mwache alale na sifa. Nimeona sifa hazishibishi." Akaitafuna, akaongeza, "Mwanangu angependa hizi."

Sungura akakaa chini kando yake.

Fisi alionekana tena jioni moja ya mvua, amejikunyata kwenye mpaka wa bonde, mgongo umeinama, mkia mfupi. Alisimama pale ambapo lango lilikuwa zamani, ingawa hapakuwa na kitu cha kumzuia, akawaita.

"Sungura! Mama Ngiri! Nyinyi mnajua nilisema kweli! Mara moja tu maishani mwangu nimesema kweli, na ndiyo iliyonifukuzisha! Nimepigwa na mvua, sijala, nachekwa hata na tai. Basi hata pole tu, jamani? Hamna hata pole?"

Sungura alifungua mdomo, kisha akamgeukia Mama Ngiri amwachie yeye. Mama Ngiri alimaliza kutafuna kwanza, akameza, akafuta pua.

"Mwiba wa kujidunga," akasema, "hauambiwi pole."